Askari alishakuja na picha za kutisha, bangi bado ipo: tuwafundishe vipi Kidato cha Kwanza na cha Pili?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa malezi katika shule ya kata iliyo karibu na mwalo (ufukwe wa ziwa wanapoteremshia samaki), Ilemela, Mwanza. Mwaka jana tulimwalika askari, akazungumza na shule nzima kwa saa mbili kuhusu bangi. Tukaonyesha na picha za wagonjwa wa akili na za watu wanaojidunga sindano. Muhula uliofuata tukawakamata wavulana watatu wa Kidato cha Pili wakivuta kwenye mawe nyuma ya uwanja, na mmoja wao bodi inataka kumfukuza. Madarasa yetu yana wanafunzi 70 hadi 80 na fedha hatuna. Tufundishe nini, kwa njia gani, na huyu mtoto tumfanyeje?

JIBU: Mwalimu, pole na majukumu, na asante kwa kuuliza kabla bodi haijakaa. Nianze na huyo mtoto kwa kifupi, kisha nitamrudia: naomba msimfukuze. Kijana wa miaka 15 akiondolewa shuleni huko kwenu ataishia mwaloni au kijiweni, palepale alipoipatia bangi, na safari hii hana hata kengele ya kumwita darasani.

Sasa hotuba. Mlichofanya ndicho kinachofanywa na shule nyingi, na kimeshapimwa. Mwaka 1983 jiji la Los Angeles, Marekani, lilianzisha mpango wa D.A.R.E., ambapo askari waliingia madarasani kufundisha watoto wakatae dawa za kulevya. Ulienea nchi nzima na kwingineko. Watafiti walipokusanya matokeo ya tafiti nyingi pamoja, waliofundishwa na wasiofundishwa walikuwa karibu sawa katika kutumia. Viwango vya kimataifa vya kinga vilivyotolewa na Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu pamoja na Shirika la Afya Duniani, toleo la 2018, vinaonya juu ya mambo yaleyale: kuhutubia bila kushirikisha, kutegemea taarifa tupu na vitisho, na kumleta mtu aliyewahi kutumia atoe ushuhuda.

Hilo la ushuhuda linawashangaza wengi, maana lina nia njema. Ila litazame kwa macho ya mtoto wa Kidato cha Kwanza. Mbele yake amesimama kijana aliyevuta miaka minane, akaacha, na leo ameshika maiki, mkuu wa shule anamshukuru na shule nzima inampigia makofi. Mtoto anaondoka na somo kwamba unaweza kuvuta na bado ukafika hapo.

Vitisho navyo vinaangushwa na jambo moja: mtoto ana ushahidi wake. Ukimwambia ukivuta mara moja unakuwa chizi, anamkumbuka mjomba anayevuta tangu yeye yuko darasa la tatu na kila jioni anaingia ziwani. Pale umepoteza mambo mawili, hilo moja uliloongeza chumvi na yale kumi ya kweli utakayoyasema baadaye. Na picha za sindano ni za heroini. Mtoto anazitazama, anajiambia kwamba jani si hayo, na anatulia.

Kinachosaidia, kwa kiasi, ni vipindi vingi vifupi vinavyofuatana, darasani kwao, vikiongozwa na mwalimu wanayemjua aliyejiandaa, na wanafunzi wakifanya mazoezi kwa midomo yao wenyewe. Nasema kwa kiasi kwa sababu sitaki uahidi bodi miujiza. Mpango mzuri unapunguza idadi ya wanaoanza na unawachelewesha wengine kuanza. Huko kuchelewesha peke yake kuna thamani kubwa. Kwa makadirio yanayotumika sana, kati ya wote wanaojaribu bangi karibu mmoja kwa kumi hufikia utegemezi, lakini kwa walioanza wakiwa vijana wadogo ni karibu mmoja kwa sita. Ubongo unaendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, kwa hiyo kila mwaka mtoto anaokaa bila kuanza ni faida yake.

Kuhusu dozi: mpango wa Unplugged uliojaribiwa katika nchi saba za Ulaya una vipindi 12. Ule wa stadi za maisha wa Gilbert Botvin, Marekani, una vipindi 15 mwaka wa kwanza, 10 mwaka wa pili na 5 mwaka wa tatu. Viwango nilivyotaja vinazungumzia vipindi 10 hadi 15 kwa kawaida, kimoja kwa wiki. Kwenu panga 12 kwa Kidato cha Kwanza, vya dakika 40, na mwaka unaofuata vipindi vitano au sita vya kukumbusha. Anza wiki ya nne ya mwaka, wanaochelewa kuripoti wakiwa wameshafika. Usiviweke kwenye klabu ya Ijumaa mchana, maana klabuni huja wale ambao hawakuwa na mpango wa kuvuta. Omba kipindi ndani ya ratiba. Mada za stadi za maisha zimo kwenye masomo yenu, hivyo mkuu wa shule hataona umevamia muda wa mtu.

Darasa la 78 utaligawa makundi 13 ya watu sita. Wahesabu moja hadi kumi na tatu, wenye namba moja wakae pamoja, na kuendelea. Usiwaache wachague, kwa sababu marafiki wa kwenye mawe watakaa kundi moja na kipindi chako kitakuwa kijiwe chao. Wakati wa kutoa majibu sikiliza makundi matatu tu. Ukitaka yote 13 yaseme, dakika 40 zimekwisha. Vifaa ni karatasi, manila kama kumi na kalamu nene. Mahitaji ni hayo.

Vipindi viwili nitavieleza kwa karibu, kwa sababu ndivyo vinavyobeba mzigo.

Cha kwanza ni cha makisio. Vijana karibu kila mahali hukisia kwamba wenzao wanavuta kuliko wanavyovuta kweli, na anayeamini kwamba kila mtu anavuta anajiona yeye ndiye mshamba aliyebaki. Andaa vipande vya karatasi vinavyofanana, kila kimoja na maswali mawili yaliyochapwa. La kwanza: katika siku 30 zilizopita, umevuta bangi? Ndiyo au hapana, weka tiki. La pili: kati ya wanafunzi kumi wa kidato chako, unadhani wangapi wamevuta katika siku hizo 30? Zungushia namba kati ya 0 na 10. Kusiwe na maneno ya kuandika, kwa sababu mwandiko unajulikana. Kila mtu aweke tiki mahali, ili anayeinamisha kichwa kuandika asionekane peke yake. Karatasi zikunjwe mara mbili na ziingie kwenye boksi lililofungwa. Zihesabu wewe na mwalimu mwingine mmoja, siku hiyohiyo, kisha zichomwe.

Wiki inayofuata unarudi na majibu. Tuseme, kwa mfano, katika darasa lako la 72 karatasi 5 zina ndiyo, na wastani wa makisio ni wanne kati ya kumi. Chora ubaoni safu mbili za vijiti: upande mmoja 29, ndio waliodhaniwa, na upande wa pili 5. Usihubiri. Uliza tu, "Hawa 24 mliowadhani wanavuta, mawazo haya yalitoka wapi?" Watakwambia wenyewe: wanaovuta wanaongea sana, nyimbo, mtandaoni, na yule mmoja anayenuka kila siku anaonekana kama kumi. Makundi yajadili dakika kumi, nawe usikilize.

Mambo mawili yanaharibu zoezi hili. Moja, mkuu wa shule au mwalimu wa nidhamu kutaka kujua hao watano ni nani. Mfikie kabla, akubali kwa maandishi kwamba hakuna atakayetafutwa kwa sababu ya karatasi hizi. Akikataa, usilifanye kabisa, kwa sababu wanafunzi wakikuona umewageuka mara moja, vipindi kumi vilivyobaki ni kelele. La pili, idadi halisi ikitoka kubwa, mathalani 25 kati ya 72, usiitangaze darasani. Utakuwa umewathibitishia walichodhani. Hapo tumia karatasi zile kumwonyesha mkuu ukubwa wa tatizo, na darasani uende kwenye zoezi la kukataa.

Zoezi la kukataa ndilo la pili. Wagawe watatu watatu: mshawishi, mkataaji na mtazamaji. Hali iwe ya kwao. Ni Jumamosi asubuhi, mvulana ameshinda mwaloni akibeba ndoo na kuanika dagaa kwenye chanja, amelipwa, upepo wa ziwa ni baridi, na kaka mmoja wa kwenye mtumbwi anamnyooshea msokoto. Mshawishi ana kadi yenye sentensi tatu tu, anazisoma kama zilivyo: "Vuta kidogo, baridi itaisha." "Wenzako wote wamevuta." "Au unaogopa mama?" Kadi ni ya lazima. Bila kadi, kijana mwenye kipaji atatunga ushawishi mtamu, darasa litacheka, na shujaa wa siku atakuwa muuza bangi. Wala kusiwe na karatasi iliyosokotwa kuigizia. Mkono mtupu unatosha.

Mkataaji afuate hatua hizi: aseme neno moja fupi, "Sivuti." Akiulizwa sababu, aitoe mara moja tu, ya kweli na nyepesi: "Nina mpira jioni," au "Nikivuta sikumbuki nilichosoma." Kisha abadili habari au aanze kuondoka. Anayetoa sababu tano anageuka kuwa mtu wa kubishana naye, na mkubwa atamshinda kwa maneno. Mtazamaji anaangalia mambo matatu: macho yalikuwa wapi, sauti ilisikika, miguu ilianza kwenda? Dakika mbili, wabadilishane, hadi kila mmoja awe amekataa mara tatu. Mara ya kwanza watacheka wote, waache wacheke. Mara ya tatu utasikia sauti zimebadilika. Rudia zoezi hilohilo wiki mbili baadaye kwa hali nyingine: binamu aliyekuja likizo, bodaboda anayemrudisha nyumbani, rafiki wa kweli ambaye hutaki kumpoteza. Hilo la rafiki ndilo gumu kuliko yote na linastahili kipindi kizima.

Vipindi vingine nitavipitia haraka: kimoja cha makubaliano ya darasa (hakuna kutaja mtu kwa jina, hakuna kusimulia "nilivyovuta"), viwili vya taarifa kuhusu bangi, kimoja cha pombe na sigara kwa sababu njia ni moja, viwili vya hasira na huzuni, kimoja cha fedha ya mwaloni na inavyotumika, kimoja cha kupima matangazo na maneno ya mtandaoni, na cha mwisho mwanafunzi anaandika anachotaka kukilinda mwaka huu. Na yale makaratasi ya makisio yanarudiwa wiki ya kumi na mbili, na tena miezi sita baadaye.

Kwenye taarifa, sema kweli na sema ya karibu. Saratani ya miaka arobaini ijayo haimgusi mtoto wa miaka 14. Mwambie kwamba kemikali ya bangi inayolewesha inavuruga kumbukumbu ya mambo mapya, kwamba alichosomeshwa akiwa amelewa hakikai, na kwamba kwa anayevuta kila siku uzito wa kufikiri unabaki hata saa ambazo hajavuta. Mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Wapo wanaopata hofu kali au kusikia sauti, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa anayeanza mapema, anayevuta mara kwa mara, au mwenye ugonjwa wa akili kwenye ukoo. Waeleze pia kwamba skanka ni bangi yenye nguvu kuliko jani la kawaida, na kwamba bangi huwekwa kwenye biskuti na keki. Ya kula inachelewa, dakika 30 hadi saa mbili, na ndipo mtoto anaongeza kipande cha pili akidhani cha kwanza hakikufanya kazi.

Usieleze bei, namna ya kusokota, wala mahali inapopatikana. Usilete sampuli.

Wataleta hoja ya Kanada, jiandae. Ni kweli Kanada iliruhusu mwaka 2018, na Uruguay ilipitisha sheria yake mwaka 2013. Lakini kote huko walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kuuziwa, na mikoa mingi ya Kanada imeweka 19. Sababu ni ubongo uleule ulioueleza wiki iliyopita. Hapa kwetu Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kumiliki, kuuza na kutumia. Na lile la wavuvi kwamba bangi inatia nguvu na joto, jibu bila kuwadharau baba zao: inambadilishia mtu anavyohisi uchovu na baridi, uchovu na baridi vyenyewe viko palepale. Mtu asiyehisi vizuri usiku katikati ya ziwa yuko hatarini zaidi.

Askari mnaweza kumhitaji, ila kwa anayeuza nje ya geti. Hiyo ndiyo kazi yake, na huhitaji kumpa darasa.

Wazazi ni kikao kimoja kila muhula, kisizidi saa moja. Chagueni siku kwa kuangalia mwezi. Siku za giza mitumbwi ya dagaa inaingia ziwani, baba hayupo usiku na mchana amelala. Siku za mbalamwezi kazi inasimama na wanaume wako nchi kavu. Asubuhi akina mama wako kwenye kuanika, kwa hiyo saa tisa alasiri ndiyo nzuri. Waombeni mambo machache yanayoshikika: wajue mtoto yuko wapi kati ya saa tisa na saa kumi na mbili jioni, wajue fedha ya Jumamosi imekwenda wapi, na waache kabisa kumtuma mtoto sigara au pombe. Zile siku za giza, nyumba nyingi zinabaki na watoto bila mkubwa hadi alfajiri. Waombeni majirani wapangane zamu.

Sasa huyo kijana na wenzake wawili. Nawasihi msiwatengenezee "klabu ya walioathirika" wakae pamoja kila Jumatano. Thomas Dishion na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba kuwakusanya vijana wenye matatizo ya tabia kwenye kundi moja kunaweza kuwaharibu zaidi, kwa sababu wanasifiana kwa yale mnayotaka wayaache. Kila mmoja aonwe peke yake. Wala wasisimamishwe mstarini. Ukimpa mtoto jina la mvuta bangi mbele ya watu 600, umempa na marafiki wapya.

Siku mwanafunzi anapokutwa amelewa, mweke mahali tulivu na mtu mzima kando yake. Asitumwe nyumbani peke yake, asiachwe kupanda mawe wala kwenda ziwani. Maziwa, maji ya chumvi na kumwagiwa maji hayaondoi ulevi; muda ndio unaoondoa, saa mbili hadi nne kwa aliyevuta, zaidi kwa aliyekula. Akichanganyikiwa, akiona au kusikia visivyokuwepo, akilalamika kifua, akitapika bila kukoma au asipoamka, ni hospitali mara moja. Mazungumzo na adhabu visubiri kesho, kwa sababu leo hatakumbuka.

Kesho yake mpe dakika 30 za faragha na maswali manne: ulianza lini, kwa wiki mara ngapi, na nani, na je, huwa unavuta kabla ya kuja shule? Anayevuta peke yake na asubuhi yuko mbali kuliko anayevuta Jumamosi na wenzake. Kisha muulize anachokipenda kwenye bangi, umsikilize kweli, halafu anachokichukia. Hapo ndipo utasikia kama analala na njaa, kama anapigwa, kama hawezi kusoma vizuri na anaona aibu. Mzazi aitwe wiki hiyohiyo. Andikeni makubaliano ya wiki sita: mara moja kwa wiki anakuja kwako dakika kumi, ana shughuli ya jioni yenye mtu mzima anayemsubiri, na akiteleza anasema mwenyewe. Kama alikuwa anavuta kila siku, akiacha atakosa usingizi, hamu ya kula itapungua na atakuwa mwepesi wa hasira, kuanzia siku ya kwanza au ya pili na kwa ukali zaidi wiki ya kwanza. Waambie walimu wenzako kimyakimya, la sivyo mtoto anayejitahidi kuacha ataadhibiwa kwa ujeuri.

Asipoweza, au akionyesha dalili za akili kuvurugika, mpelekeni kitengo cha afya ya akili, Sekou Toure au Bugando. Kituo cha methadoni si mahali pake; methadoni ni ya waliotegemea heroini na kundi hilo la dawa, haitibu bangi. Afisa ustawi wa jamii ahusishwe mapema kama nyumbani hakuna usalama, na namba 116 ya Sema na Mtoto ni ya bure, mtoto anaweza kuipiga mwenyewe.

Kama uchunguzi utaonyesha kwamba kijana huyo mmoja alikuwa akiwauzia wenzake, jambo ni zito zaidi na hamlimalizi ninyi peke yenu. Bado ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Piteni kwa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi, na ulizeni kwanza ni mtu mzima gani aliyekuwa anampa mzigo. Bodi ikikaa, peleka karatasi moja yenye makubaliano ya wiki sita yakiwa yamesainiwa na mzazi, jina la mwalimu atakayemsimamia, na tarehe ya bodi kupitia upya maendeleo yake. Wajumbe hupata shida kumfukuza mtoto mwenye mpango ulioandikwa mezani, na tarehe hiyo inawapa kitu cha kuamua badala ya "abaki" au "aende". Iweke kabla muhula haujafungwa, asiende likizo ya mwaloni bila mtu anayemsubiri kurudi.